Robo Saa ya Mchana

Tarehe 3 Juni

...na hilo la mapazia tusibishane tena, Dada, maana mume wangu mwenyewe kayapenda hivyo hivyo marefu yanavyofagia sakafu. Anasema yanamfanya ajione tajiri. Umenikataza kukupigia simu saa za kazi, na jioni ukipokea unaitikia "mh" mara tatu halafu unaniaga, kwa hiyo naandika. Utasoma ukiwa umetulia.

Dada, nina furaha mpaka naona haya kukueleza. Leo ni wiki ya tano ya ndoa, na bado akiingia mlangoni moyo wangu unaruka kama siku ile ya kwanza. Anaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuamshwa na mtu. Anapiga mluzi. Anapandisha ndoo ya maji ghorofa tatu kwa mkono mmoja, na kwa ule wa pili ananishika mimi, eti nisiteleze. Majirani wanachungulia. Wachungulie! Jirani wa mlango wa pili kaniuliza, "Mwenzetu, huyo mumeo hachoki?" Nikamwambia hachoki, ndivyo alivyoumbwa.

Kazi yake ya useremala anaipenda kama mimi ninavyompenda yeye. Kule karakana nilifika mara moja tu, kabla ya harusi, akanionyesha chumba cha mbele: milango, makabati, na kitanda cha mtoto mchanga ambacho alikitazama, halafu akanitazama mimi, nikatamani ardhi inimeze. Nilipotaka kuingia chumba cha nyuma alinizuia. Alisema vumbi la mbao litaniharibia nywele. Unaona anavyonijali?

Kuna kitu kimoja kidogo tu. Kila siku ikifika saa saba mchana hapokei simu. Juzi nikapiga ile ya karakana, akapokea fundi mwenzake wanayemwita Kijiti, kwa jinsi alivyo mwembamba. Akaninong'oneza, "Shemeji, yupo, ila sasa hivi haongei na mtu." Nikamuuliza kwa nini. Akanong'ona tena, "Hata mimi sitakiwi kuongea," akakata. Mtu ananong'ona nini mchana kweupe? Simshuku mume wangu, usinielewe vibaya. Nadhani hawali vizuri na wanaona aibu kuonekana. Basi keshokutwa nitamfanyia mshangao. Nitapika kuku na viazi, nitie kwenye ile sufuria yenye mfuniko mwekundu uliyotuzawadia siku ya harusi, na saa saba nitakuwa mlangoni. Hebu fikiria uso wake atakavyoniona!

Kasuku wako
(jina ulinipa mwenyewe, usilalamike barua ikiwa ndefu)


Tarehe 6 Juni

Dada,

Keti kwanza. Umeketi? Haya.

Sufuria yako imebonyea, kuku wangu ameliwa na paka, muuza dawa wa mtaa ule amevunja miwani, na mume wangu anatengeneza majeneza.

Ngoja nianze vizuri. Jana nilifika saa saba na dakika tano. Chumba cha mbele hakuna mtu. Hakuna msumeno unaolia, hakuna redio, kimya kile kinachokuingia masikioni. Mlango wa nyuma umefungwa kwa ndani. Nikabisha, wapi! Pembeni kuna dirisha limejaa vumbi. Nikalipangusa kwa kiganja, nikachungulia.

Majeneza sita, Dada. Yamepangwa mstari. Na ndani ya kila moja kuna mtu, kalala chali, mikono kifuani, kitambaa cheupe usoni. Viatu vimewekwa jozi jozi upande wa miguu. Jozi ya tatu nilikuwa nimeing'arisha mimi, kwa mikono yangu, asubuhi ile ile.

Sijui nilipiga ukelele gani. Sufuria ilienda kivyake, mimi nikaenda kivyangu mpaka katikati ya barabara. "Wamekufa! Wamekufa wote! Mume wangu na wenzake!" Mtaa ukafurika. Mama muuza matunda akaanza kulia kabla hajajua analilia nini. Askari wa barabarani akayaacha magari yapigiane honi. Huyu anasema gesi, yule anasema sumu. Ndipo akaja muuza dawa, mtu mzima na koti lake jeupe, akatangaza, "Pisheni! Mambo ya sumu niachieni mimi." Akaupiga mlango bega mara mbili, mlango ukaachia, akaanguka nao mpaka chini.

Na hapo, Dada, maiti wote sita wakainuka kwa pamoja wakaketi.

Sijapata kuona watu wazima wakikimbia vile. Askari ndiye aliyekuwa mbele. Mama wa matunda aliiruka meza yake mwenyewe. Muuza dawa alitoka kwa magoti, miwani ameiacha. Nilibaki peke yangu. Mume wangu akaondoa kitambaa usoni, unga wa mbao umemjaa kwenye kope, akaniona, akatabasamu. Akatabasamu! "Mke wangu, kumbe umekuja. Mbona kiatu kimoja?"

Kumbe milango na makabati ni ya chumba cha mbele tu. Kazi yao kubwa ni majeneza. Hakuniambia kwa sababu wachumba wawili waliwahi kumkimbia walipojua, akaona angoje kwanza nimzoee. Na kumbe kila siku saa saba wote wanalala robo saa, humo humo ndani, kasoro mmoja wa zamu anayeangalia saa na kupokea simu kwa kunong'ona. Jana zamu ilikuwa ya Kijiti, naye alikuwa amejifungia chooni! Mambo yalipokwisha ndio anatoka, anafunga mkanda, anatuuliza, "Kuna nini jamani?"

Dada, sijui kinachonitisha zaidi, jeneza au usingizi wenyewe. Nimejisifia mume asiyechoka mtaa mzima, kumbe mchana anachapa usingizi kama mtoto wa miezi mitatu, tena ndani ya sanduku la kuzikia mtu. Leo asubuhi amenipigia mluzi, mimi nikalia. Ni mgonjwa? Ni mvivu? Ndoa yangu ndiyo imeishia wiki ya tano? Nishauri. Wewe ndiye dada, na wewe ndiye mama.

Kasuku


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Jeneza halijanishtua. Ni kazi ya heshima, na kosa lake ni kukuficha. Hilo mmalizane. Kilichonitoa macho ni usingizi. Wanaume wenye afya zao, mchana jua likiwaka, wanalala kwa ratiba! Na wana mtu wa zamu kabisa! Sijawahi kusikia.

Maisha yangu unayajua. Mwaka wa kumi na nne huu nasimamia chumba cha kushonea, mashine arobaini na mbili mbele ya meza yangu, na mchana sijafumba jicho hata siku moja. Nilipokuwa nakusomesha nilishona usiku na kusimamia mchana. Mwili ni wa kuamrishwa. Ndiyo maana katika chumba changu hakuna sindano iliyowahi kupita kidole cha mtu. Majuzi tu nimemwandikia onyo mama wa mashine ya tisa, niliyemkuta kalaza kichwa juu ya robota la kitambaa. Alinitazama kwa jicho la ajabu, kama mtu anayejizuia kucheka. Nikamwongezea mstari mmoja kwenye onyo.

Usimwache mumeo. Nilimwona siku ya harusi alivyokuwa akikutazama, na macho yale hayakudanganya. Ila mwapishe. Mwezi mzima asilale mchana. Anayeanza na robo saa ataomba nusu saa, na wewe utakuwa mke wa mto na shuka. Mpigie simu kila siku saa saba, akipokea utajua yuko macho.

Na sufuria ipelekwe kwa fundi, inanyooka.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Shemeji yangu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi si mtu wa kalamu, nivumilie mwandiko. Mdogo wako hajui kwamba nakuandikia. Angejua angeona nakwepa kiapo. Nimemwapia kwamba mwezi mzima sitalala mchana, na nitatimiza, maana nilimficha kazi yangu na nina deni la ukweli kwake. Lakini kuna jambo sikumweleza kwa kuogopa kumtisha mara ya pili.

Msumeno wetu ni wa duara, umefungwa mezani, na hauna subira. Zamani tulikuwa tunakula na kurudi kazini moja kwa moja. Katika miaka minne vidole vitano viliondoka pale mezani, na vyote viliondoka kati ya saa saba na nusu na saa tisa. Bosi wetu, tunayemwita Patasi, mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Yeye ndiye aliyeanzisha robo saa. Tangu aianzishe, mwaka wa kumi na moja huu, hatujamwaga damu.

Tunalala mle kwa sababu ndipo mahali pekee pasipo na misumari, na kuta zake zinakinga vumbi. Tena ukijigeuza, ubao uliolegea utausikia. Patasi hatoi jeneza ambalo fundi hajalala ndani yake. Anasema mwenye jeneza hatarudi kulalamika, kwa hiyo tulalamike sisi kabla yake.

Shemeji, nikikosa ile robo saa, ikifika saa nane mikono inakuwa ya mtu mwingine. Neno lako kwa mke wangu ni kama la mama mzazi. Naomba umwambie anifungue kiapo. Si kwa uvivu.

Shemeji yako, fundi


Tarehe 17 Juni

Shemeji,

Barua yako imefika leo. Kila anayelala kazini ana sababu nzuri, nami nimezisikia kutoka mashine zote arobaini na mbili. Kiapo ni kiapo. Siku za kwanza ni ngumu, halafu mwili unazoea. Nasema ninachokijua.

Haya yabaki kati yetu. Sitamsumbua mdogo wangu kwa habari za misumeno.

Shemeji yako


Tarehe 24 Juni

Dada yangu kipenzi,

Anatimiza! Siku ya kumi leo! Nampigia kila siku saa saba kamili kama ulivyosema, na anapokea mlio wa kwanza. Mwanzo nilikuwa nahakikisha tu, sasa yamekuwa mazungumzo yetu ya mapenzi. Mimi nampigia soga robo saa nzima, namweleza nilivyomkumbuka tangu asubuhi, nimepika nini, jirani kasema nini. Yeye hasemi mengi. Sauti yake imejaa mapenzi, nzito nzito, anavuta maneno, "Ndiyoo... mpenzi wangu..." Nasisimka mpaka vidoleni!

Na majeneza nimeyazoea, utashangaa. Nimeomba msamaha kwa muuza dawa na kumpelekea kuku mwingine. Amesema miwani si kitu, ila bega linamwuma akicheka, na watu hawaachi kumchekesha. "Daktari wa maiti wanaoamka," ndivyo wanavyomwita sasa.

Ila Dada, nikuulize kitu cha ndani. Mwanamume humchoka mke baada ya muda gani? Maana jioni nikiwa namsimulia anapiga miayo, na juzi alilala nikiwa katikati ya sentensi, tena sentensi nzuri, yenye jina lake. Chai ametia chumvi mara mbili. Mlango wa chumbani ameugonga kwa paji la uso, mlango alioutengeneza yeye. Na mluzi wa asubuhi umekoma. Nilimuuliza, "Nimekuchosha?" Akasema, "Si wewe." Sasa kama si mimi ni nani? Nimeshonea mapazia lesi, labda atachangamka.

Siku ishirini bado. Halafu utakuja utuone, sivyo? Unasema hivyo kila mara na huji.

Kasuku wako


Tarehe 4 Julai

Dada,

Juzi saa nane na dakika kumi mchana msumeno ulimkata.

Saa saba nilikuwa naye kwenye simu. Nilimweleza habari za lesi. Nilicheka. Yeye alisema "ndiyo" mahali ambapo jibu lilikuwa "hapana", nikamtania kwamba hanisikilizi, tukaagana. Saa nane na nusu Kijiti akabisha mlango. Mkononi alikuwa na kile kitambaa cheupe wanachojifunika usoni, na hakikuwa cheupe tena.

Mkono wa kushoto. Kidole kidogo ncha imekwenda. Kidole cha pete kimekwenda mpaka pingili ya pili, na pete ilibidi muuguzi aikate kwa koleo kwa sababu kilikuwa kimevimba. Alinipa vipande viwili vya pete kwenye karatasi. Nimevishika tangu wakati ule, hata sasa naandika vikiwa kwenye kiganja.

Patasi alikuwa kwenye korido ya hospitali, kakaa kwenye benchi, kofia magotini. Nilidhani atanifokea. Akainua mkono wake wa vidole vitatu, akanionyesha kama mtu anayeonyesha tiketi, akaniuliza taratibu tu, "Binti, ile robo saa yangu ulimpa nani?"

Nilimpa nani, Dada? Niliijaza lesi na soga za jirani.

Ndipo akanieleza yote, vidole vitano, miaka kumi na moja bila damu. Nikamlilia mume wangu: kwa nini hukuniambia? Alikuwa amelewa dawa, analala na kuamka. Akasema, "Nilimwandikia shemeji. Tarehe kumi na nne. Nilimwomba akuambie." Halafu akalala tena, na mimi nikakaa pale mpaka usiku nikimtazama anavyolala, sikumgusa, sikumwita.

Barua yake ilipotea njiani, sivyo? Niambie ilipotea. Posta hupoteza barua kila siku.

Mdogo wako


Tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Barua ilifika. Ilifika tarehe kumi na saba, nikaisoma, nikaijibu siku hiyo hiyo, nikaifungia kwenye droo ya meza yangu pamoja na rula na mkasi. Aliniomba maneno mawili, mimi nikamjibu kwa ukali na nikakuficha. Niliona najua. Sina cha kujitetea.

Ngoja nikueleze na lililobaki, ili kusiwe na kitu kingine ndani ya droo.

Barua yako niliipokea kazini. Jambo la kwanza nilimwita mama wa mashine ya tisa, nichane lile onyo lake mbele yake. Nikamweleza sababu, habari za shemeji na msumeno. Akaketi bila kukaribishwa.

"Msimamizi, nikikuambia kitu hutanifukuza?"

"Sema."

"Wewe mwenyewe unalala kila siku."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kila siku saa nane kasoro kidogo. Kalamu mkononi, kidevu kifuani. Dakika kumi na mbili. Siku za joto kumi na tano. Mimi nina mwaka wa tisa hapa, na yule aliyeniachia mashine hii aliniambia hivyo hivyo."

"Mbona nasikia mashine muda wote?"

"Unaisikia moja, Msimamizi. Tulijaribu kuzima zote, kimya kikakuamsha. Basi moja tunaiacha izunguke bila uzi, kwa zamu, na wengine tunalaza vichwa. Wewe ukikohoa, tunaanza. Siku ile uliponikuta, uliamka mapema. Haikuwa kawaida yako."

Mdogo wangu, nilisimama. Nikamwambia ni mwongo. Akaniambia kwa upole, "Tazama daftari lako." Nikafungua daftari la ukaguzi, ninaloandika kila saa. Kila siku, kwenye mstari wa saa nane, mwandiko wangu unateremka kama mtu anayeshuka ngazi, unakatika, halafu unaanza tena umenyooka. Nikatoa la mwaka jana. Hivyo hivyo. Nikatoa la mwaka wako wa mwisho shuleni. Hivyo hivyo. Miaka yote hii nilidhani ni meza imeinama. Mara mbili nimemwita fundi aisawazishe, na mara zote mbili aliniambia meza iko sawa nikamwona mzembe.

Na lile nililokuwa nikijivunia, kwamba chumbani kwangu sindano haijapita kidole cha mtu! Nilidhani ni ukali wangu. Kumbe wanawake arobaini na wawili walikuwa wananilinda nilale, na wao wakapumzika humo humo, kwa zamu, kama wale mafundi wa mumeo. Hawakuniambia kwa sababu walijua ningesimamisha. Walinijua kuliko ninavyojijua.

Nimemwendea meneja kuomba robo saa iwe ya wazi, saa saba na nusu, mashine zote zizimwe. Amesema atafikiria. Nikamwambia afikirie upesi, na kwamba hata yeye tunajua kwa nini mlango wake hufungwa mchana. Amekubali kuanzia wiki ijayo.

Lakini hilo halirudishi kidole. Kwa shemeji siwezi kuandika, kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Mwambie nililala nikiwa na barua yake ndani ya droo. Na wewe, usiponijibu nitaelewa.

Dada yako


Tarehe 12 Julai

Dada,

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Sijawahi kukukasirikia hata saa moja, kwa hiyo sikujua namna yake. Nilipika nikiwa nimenuna, nikafagia nikiwa nimenuna, nikaweka barua yako chini ya sufuria ile iliyobonyea. Halafu nikakumbuka nani alikuwa akimpigia simu kila siku saa saba. Wewe uliificha barua, na mimi nilikuwa napiga simu. Tugawane, Dada. Usibebe peke yako, umenibebea vya kutosha.

Jana nikamsomea mume wangu. Nilikuwa naogopa. Nilipofika kwenye mashine isiyo na uzi akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaanza kucheka, Dada, akacheka mpaka akaushika mkono kwa maumivu, machozi yanamtoka, "Miaka kumi na minne! Shemeji yangu mimi!" Halafu akajifuta macho, akasema, "Mwambie nilijua amechoka. Mtu asiyechoka hakasiriki vile kwa sababu ya usingizi." Kisha akaomba barua yako, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Karatasi za hospitali zinasema atapona. Patasi amemrudisha kwenye kupima na kupiga msasa mpaka mkono ukaze. Pete imeunganishwa na sonara, ina mshono unaoonekana, na sasa anaivaa mkono wa kulia. Mimi naiona nzuri kuliko ilivyokuwa. Na leo asubuhi, akiwa ngazini na ndoo, nimesikia kitu. Mara ya kwanza nilidhani ni ndege. Alikuwa anapiga mluzi! Nilikaa chini pale pale sakafuni, kwenye mapazia, nikalia kama mjinga.

Sasa nikuambie na langu, usinicheke. Juzi nilimpelekea chakula, saa saba. Kijiti akaja akinyata, akanifungulia mlango. Walikuwa wameweka jeneza la saba, jipya, ubao mweupe, bado linanukia. Mume wangu alinitazama tu, hakuniita. Nikavua viatu, nikaviweka jozi upande wa miguu, nikaingia. Dada, mimi niliyepiga ukelele wa kuvunja mtaa! Nilisikia mbao zinavyotulia, nikamsikia yeye anavyopumua upande wa pili wa ubao, na sikumbuki kingine mpaka Kijiti alipogonga kwa kidole: "Shemeji, muda." Patasi akaniuliza, "Umesikia ubao wowote ukilia?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi hilo linaweza kwenda." Nimekuwa fundi, Dada!

Lakini nakuandikia kwa sababu nyingine. Tangu jana jioni mume wangu hatulii, anachora, anafuta. Leo amenieleza. Anakutengenezea kitanda chembamba cha kukaa nyuma ya meza yako, urefu wako hasa, na kando yake benchi refu ambalo wale mama wa mashine watapumzikia kwa zamu. Anafanya kwa mkono mmoja na nusu, na mafundi wote wanamsaidia baada ya kazi. Aliponiuliza kimo chako nilikataa kumwambia mpaka aape ni kwa ajili ya kitanda. Hakina kifuniko. Nimekagua mwenyewe.

Wewe kila mara unasema utakuja na huji. Safari hii tunakuja sisi. Patasi ametupa gari la karakana, lile jeusi refu, kwa hiyo mwambie mlinzi wa getini asikimbie, sisi ni wageni wako na tuko hai. Tutafika siku ya kazi, saa saba na nusu mchana, mashine zikiwa zimezimwa. Tukikukuta umelala hatutakuamsha. Nitavua viatu, nitakaa karibu yako nikungoje, na nitanyamaza, mimi Kasuku, robo saa nzima. Kabla mwezi huu haujaisha, Dada. Usipange jambo lingine.

Kasuku wako
na shemeji yako, aliyepiga mluzi muda wote nikiandika